Gharcholu ya Mama Hansa

Bwenini, ng'ambo ya Kisian
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa dada Lornah,

Leo githeri yetu ya mahindi na maharagwe ilikuwa na dumuzi tena. Maryanne, mwenzangu wa bweni, aliwatoa mmoja mmoja akawapanga ukingoni mwa sahani yake, kisha akala iliyobaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikunywa chai. Lakini si dumuzi walionifanya nikuandikie.

Shule yetu itaingia tamasha la muziki kwa ngoma ya Kihindi. Madam Nakhungu, anayetufundisha ushonaji na pia ndiye anayesimamia ngoma hiyo, aliuliza darasani nani anajua lolote kuhusu mavazi ya akina mama wa Kihindi. Hakuna aliyejibu. Msichana mmoja akasema, "Ajwang hushinda maktaba, lazima anajua." Watu wote wakageuka. Unajua ninavyokuwa watu wakigeuka. Nikatikisa kichwa kukataa, Madam akadhani nimekubali. Sasa mimi ndiye msimamizi wa mavazi.

Basi nikaenda maktaba kweli, na huko ndiko nilikokutana na hariri. Dada, unajua hariri inatoka wapi? Kiwavi hutema uzi, akajizungushia mpaka akajifungia ndani ya kifuko, alale, aamke nondo. Watu hawamngoji aamke. Humtumbukiza kwenye maji ya moto akiwa hai, humo humo ndani, ili uzi utoke mzima bila kutobolewa. Nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Nilikuwa nimeipenda hariri maisha yangu yote kwa jina lake tu. Sasa nikilisikia nasikia maji yakichemka.

Kwa hiyo nina ombi. Mama Hansa unayemuuguza pale Milimani ana sari nyingi, uliniambia mwenyewe. Unaweza kumwomba atuazime chache? Madam anataka za rangi mbalimbali na moja nyekundu ya bibi harusi. Hariri usilete hata kama ataitoa kwa moyo mmoja. Siwezi kuigusa.

Mdogo wako,
Ema


Migosi, Kisumu
25 Mei 2025

Nyaminwa,

Wewe, mdogo wangu, ni mtu wa ajabu. Omena, dagaa wetu wa ziwani, unawatafuna na macho yao yanakutazama, halafu unamlilia kiwavi wa Uchina! Nilimsomea Mama Hansa barua yako yote, maana mtoto wa jicho amemziba macho na siku hizi hasomi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Huyo mtoto ana akili." Kumbe wao ni Wajaini, dini yao haitaki kuua hata mdudu, na mama mkwe wake alipiga marufuku hariri nyumbani kwake tangu zamani. Kwa hiyo mmepatana bila kuonana.

Alinifungulisha kabati akanifundisha kwa vidole, macho amefumba. Jojeti ina chembechembe, kama ulimi wa paka. Ni ya kila siku, haijikunji, unaweza kupika nayo. Shifoni ni nyepesi na inateleza. Ukiishika vibaya inakuponyoka kama omena mkononi. Krepi ni nzito kidogo, hukaa mwilini vizuri kwa mwanamke mnene, na hapo akajipiga nyonga akasema, "Kama mimi wa zamani." Pamba ndiyo mama wa zote. Nailoni alitaja jina tu, akakunja pua.

Nimempa Ondiek, yule anayewaletea mkate kwa pikipiki, furushi lako. Kuna jojeti mbili, ya kijani na ya manjano, shifoni moja ya bluu, na nyekundu ya bibi harusi. Hiyo nyekundu inaitwa gharcholu. Usihofu, ni pamba, si hariri. Mama amekubali, usiniulize maswali mengi. Zirudi kama zilivyokwenda.

Na mle hao dumuzi, ni nyama ya bure.

Lornah


Bwenini
8 Juni 2025

Dada Lornah,

Furushi lilifika likinuka nafthalini ya kabatini na mkate. Asante, na umwambie Mama Hansa asante.

Gharcholu nimeitazama peke yangu kabla sijaipeleka kwa Madam. Ni nyekundu kama pilipili iliyoiva, ina miraba ya uzi wa dhahabu, na ndani ya kila mraba kuna vidoti vyeupe, kila kidoti kidogo kuliko punje ya wimbi. Kitabu kinasema mafundi hufunga kila kidoti kwa uzi kabla ya kutia rangi, kisha hukifungua. Hakuna aliyechemshwa. Niliishika muda mrefu. Katika shule hii, ambako hata maji ya kunywa yana ukungu juu, hicho kilikuwa kitu kimoja kisafi.

Ila kuna jambo linanikera. Zile nyingine zilikuwa zimekunjwa tu. Hii ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa cheupe chembamba, na fundo limekazwa. Nguo iliyofungwa hivyo haionekani kama nguo ya kuazimwa. Mama Hansa alikubali kweli?

Sasa nikuambie kuhusu ngoma. Nilidhani tutacheza. Katikati ya ngoma Madam ameweka kichekesho: Maryanne anakuwa mwenye duka wa Kihindi, anajaza mto tumboni, anatingisha kichwa na kusema, "Kuja mama, kuja, hii nguo iko rahisi, wewe taka ngapi bana?" Kila mazoezi watu wanaanguka kwa kicheko. Mama Hansa amezaliwa Kisumu, huzungumza hivyo? Uliniambia Kiswahili chake kimenyooka kuliko chako. Mimi nakaa pale nimeshika pini, nao wanacheka wakiwa wamevaa nguo zake. Shifoni imeshapata alama ya rangi ya midomo. Ya manjano mtu amefutia pua.

Na mimi nilicheka kidogo. Ili nisionekane.

Ema


Migosi
15 Juni 2025

Ema,

Soma hii ukiwa peke yako.

Mama Hansa ameanguka. Daktari amekuja mara mbili, na kila akitoka Mzee Kanti mumewe anakaa kwenye ngazi, hataki kuingia ndani. Jana Mama aliniita akasema, "Lornah, ile gharcholu yangu itolewe, ipigwe hewa." Nikasema ndiyo, Mama. Nikafungua kabati, nikafunga kabati.

Hakukubali, nyaminwa. Jojeti na shifoni alizitoa kwa mkono wake. Ile nyekundu niliichukua mimi kutoka chini ya sanduku mle kabatini, siku moja alipokuwa amelala. Uliandika mnataka nyekundu, nikaona haya kukuambia haipo. Nikasema itakwenda, itarudi, nani atajua?

Sasa sikiliza. Kwao mwanamke akitangulia mume wake akiwa hai, ni heri. Wanamvalisha kama bibi harusi, na nguo aliyoolewa nayo ndiyo anayokwenda nayo motoni, maana maiti wao huchomwa. Ndiyo maana ilikuwa imefungwa. Si nguo ya zamani. Ni nguo inayongoja.

Mpe Ondiek Jumatano. Usiipige pasi, usiifue, usifanye kitu. Irudi tu. Mama asife kabla haijafika. Mimi nimeanza kuombea watu wa dini nyingine.

Dada yako


Bwenini
22 Juni 2025

Dada,

Haitarudi kama ilivyokuja.

Barua yako ilinifikia Jumanne jioni. Nilikimbia chumba cha ushonaji. Nilifika mlangoni. Madam Nakhungu alikuwa ameitandaza gharcholu juu ya meza ndefu, Maryanne ameshika ncha, na mkasi ulikuwa umeshaanza safari. Ule mkasi mkubwa mweusi. Sauti yake ni kama mtu anayetafuna muwa.

Madam alikuwa akisema, "Mnaona, hii haijashonwa bado. Ni mita tano na zaidi za kitambaa kizuri kimekaa bure. Tunapata sketi mbili za malinda na mshipi." Hakusema kwa ubaya. Kwake kitambaa kisichokuwa na mshono ni kitambaa kinachongoja fundi. Hakujua kwamba sari imekwisha tangu inapotoka kwa mfumaji, kwamba haidai kitu tena kutoka kwa mtu yeyote. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma. Nilisimama mlangoni na barua yako mkononi, na mdomo wangu haukufunguka.

Mkasi ulivuka vile vidoti, mraba baada ya mraba. Nilingoja ufike mwisho. Hebu fikiria, nilingoja, kwa adabu, kama mtu anayesubiri mwingine amalize kuzungumza. Halafu nikasema, "Madam, hiyo ni ya mtu." Akanitazama. Akasema, "Ajwang, kwa nini hukusema?"

Tamasha lilikuwa Ijumaa. Hata hivyo walizivaa zile sketi, kwa sababu zilikuwa zimeshatiwa lastiki, na Madam alisema kilichokatwa kimekatwa. Maryanne alitokwa na jasho ndani ya moja mpaka rangi ikamshika mapajani. Ukumbi mzima ulicheka mwenye duka. Tulipata nafasi ya pili. Walinipa soda, nikaimwaga nyuma ya choo. Kilichonitia kinyaa zaidi si wao. Ni ile sauti yangu ndogo niliyoisikia mlangoni, imechelewa, safi, na yenye heshima.

Vipande vitatu viko chini ya godoro langu. Nifanye nini?

Ema


Migosi
24 Juni 2025

Ema,

Nimempa Ondiek hii mkononi, nimemwambia asisimame hata kununua maji.

Shona. Toa lastiki, toa malinda yote, unganisha vipande. Mishono midogo sana, kwa mkono, si kwa cherehani. Mama haoni. Sari inapofungwa kuna mikunjo mbele na kuna upande unaofichwa kiunoni. Nitahakikisha mishono imeangukia huko. Hakuna atakayejua. Nimekwisha kuipanga kichwani.

Mama bado yupo. Anauliza kila asubuhi kama nguo imepigwa hewa. Nasema ndiyo. Tayari nimemwambia ina harufu nzuri.

Na wewe usimwambie mtu. Ukifungua mdomo sasa, utaufungua kwa shida yangu.

L.


Bwenini
6 Julai 2025

Dada Lornah,

Furushi hili lina gharcholu. Imekuwa nguo moja tena, karibu.

Madam Nakhungu alinipa uzi mwekundu na sindano nyembamba. Alisema, "Uzi chukua. Mkasi simpi mtu tena." Alikuja kukaa nami mara moja, akashika upande wa pili kuninyooshea. Nadhani naye ana lake linalomchoma, lakini sijui kuuliza watu wazima mambo kama hayo.

Nimeshona mishono midogo kuliko vidoti. Katika miraba nilijaribu kukutanisha mistari ya dhahabu, ukitazama kwa mbali haikatiki. Nilifua sehemu za kiunoni kwa maji baridi peke yake. Jasho la Maryanne halikutoka lote. Nilikuwa ninaweka pua yangu pale, ninasikia, ninafua tena, ninasikia. Samahani kwamba nakuandikia mambo haya. Sina mwingine.

Sasa nisikilize na mimi. Mpango wako unanichukiza. Nimejaribu kuukubali kwa sababu wewe ndiye umenilea na kazi ni yako, na kila usiku nikifikia pale unapoikunja nguo ili uongo uangukie kiunoni, naweka sindano chini. Tunamficha mtu kwa sababu haoni. Tungefanya hivyo kama angekuwa anaona? Wale waliofutia pua sari ya manjano angalau walifanya mbele ya watu.

Ndani ya furushi kuna barua ya Mama Hansa. Hawezi kuisoma mwenyewe. Nakuomba umsomee, yote. Najua ninachokuomba. Ukiona huwezi, ichome, na usiniambie kwamba umeisoma.

Mdogo wako ambaye anakupenda hata sasa,
Ema


Bwenini
6 Julai 2025

Kwa Mama Hansa, shikamoo.

Jina langu ni Emmaculate Ajwang, mdogo wake Lornah, yule wa viwavi. Hatujaonana. Sari zako za jojeti na shifoni zilitufikia na ninakushukuru. Hazikutunzwa vizuri.

Gharcholu yako pia ilitufikia. Haikutoka mkononi mwako. Ililetwa kwa sababu mimi niliandika kwamba tunataka nyekundu, na anayenipenda hakutaka nikose. Shuleni ilikatwa vipande vitatu. Aliyeikata hakujua ni nini. Mimi nilijua, nilikuwa pale mlangoni, na sikusema mpaka mkasi ulipofika mwisho.

Nimeishona. Ukipitisha kidole utaukuta mshono. Sikutaka uukute peke yako, gizani, bila mtu kukuambia.

Pia kulikuwa na kichekesho katika ngoma yetu, mtu akiigiza mnavyozungumza. Nilicheka. Hilo hakuna anayenidai nilitaje, lakini nikiliacha nje barua hii itakuwa safi kuliko mimi.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba ujue tu, kabla hujavikwa.

Ajwang


Migosi
27 Julai 2025

Nyaminwa,

Nimechelewa kuandika. Utaona kwa nini.

Nilikaa na barua yako siku kadhaa mfukoni mwa aproni. Mara mbili niliwasha jiko. Halafu asubuhi moja Mama akaniuliza, "Lornah, gharcholu inanuka nini leo?" nikasikia jibu linakuja mdomoni, tamu, limeshapikwa, na mimi mwenyewe nikajisikia kinyaa. Nikasema, "Mama, una barua kutoka kwa yule mtoto." Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye gharcholu nikaruka nikaenda mwisho, kwenye "kabla hujavikwa", na haikuleta maana hata kwangu. Akasema, "Nasikia karatasi. Bado hujaigeuza. Soma yote."

Nikasoma yote. Yawa, Ema. Kusoma wizi wako mwenyewe kwa sauti, na uliyemwibia amekunja mikono kifuani kama mtoto anayesikiliza hadithi!

Alitaka aletewe. Nikaiweka mapajani mwake. Vidole vikaanza kutembea, pole pole, mraba, kidoti, mraba, mpaka vikafika kwenye mshono, vikasimama kama mguu uliokanyaga kitu njiani. Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye shuka. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Akasema neno moja tu: "Sindano."

Kumbe hatukujua kitu, mimi na wewe. Mimi niliona kosa ni mkasi. Mama alisema nguo ya kuolewa na nguo ya kwendea mbele za Mungu haipitiwi na sindano. Ndiyo maana sari haina mshono. Iliyokatwa imeumia, alisema, lakini iliyoshonwa imetiwa uchafu. Yaani tungeileta vile vipande vitatu vikiwa wazi, ingekuwa afadhali. Usiku wako wote ule, na vidole vyako, tulikuwa tunaiharibu zaidi. Na ule mpango wangu wa kuukunja mshono kiunoni, ungeupeleka uchafu ule mpaka motoni pamoja naye.

Akageukia ukutani. Hakula kutoka mkononi mwangu tena. Mzee Kanti alimlisha yeye, kijiko kwa kijiko, na mimi nikiosha vyombo jikoni nikingoja kufukuzwa. Hakuna aliyenifukuza. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Halafu akaniita. "Leta wembe. Fumua."

Nikakaa kando ya kitanda chake, penye dirisha, nikafumua. Nilikulaani, Ema, nikuambie ukweli. Mishono yako ilikuwa midogo hata wembe ulikuwa hauoni pa kuingia. Kila baada ya muda anauliza, "Bado?" Nami, "Bado, Mama. Ameshona kama mchwa." Mara ya tatu akacheka, puani tu. Akasema, "Basi ilimuuma." Nikasema ndiyo, ilimuuma. Kisha akasema, "Vile wanavyoniigiza, wanatingisha kichwa pia?" Nikasema ndiyo. "Mama mkwe wangu ndiye alikuwa anatingisha. Mimi shingo yangu imekauka." Tukacheka wote wawili, halafu akaacha kabla yangu.

Alikupa neno. Sijaongeza wala kupunguza: "Mwambie huyo dikri," yaani binti kwao, "siku nyingine afungue mdomo kabla mkasi haujafunga wake." Nilingoja aseme amekusamehe. Hakusema. Nami sitakudanganya kwamba alisema.

Alifariki Jumapili iliyopita, adhuhuri, Mzee Kanti ameshika mguu wake. Akina mama wa kwao walikuja kumvalisha, mimi nikaambiwa ningoje nje ya mlango. Nilisimama pale ulipokuwa umesimama wewe, nadhani ni mlango ule ule, kila mtu ana wake. Walimfunga kipande kimoja kiunoni, kimoja kifuani, kimoja kichwani. Kingo zilikuwa zimechanika, nyuzi za dhahabu zinaning'inia. Mmoja wao alitoka amekunja uso kama aliyenusa kitu, akauliza, "Nani alifanya uchafu huu?" Nikafungua mdomo, Ema. Nikasema, "Mimi niliiba, ikakatwa." Kabla hajanijibu Mzee Kanti akasema kutoka ndani, "Muache. Hansa mwenyewe ametaka hivyo."

Kazi imekwisha, maana mgonjwa hayupo. Kesho nakwenda Dunga kwa rafiki yangu anayekaanga samaki. Utakaporudi likizo nitakuwa nanuka, na wewe utakunja pua, na nitakuacha uikunje.

Uzi wako wote nimeutoa, hakikubaki hata kipande kwenye nguo ile. Nimeuzungushia kijiti cha kiberiti, uko ndani ya bahasha hii. Nilitaka kuutupa, mkono ukakataa. Sijui mtu hufanya nini na uzi kama huu.

Usiushonee kitu.

Lornah